Jaguar kuukuu na hesabu ya Usinge: rahisi bandarini, ghali porini

SOKO la magari yaliyotumika lina bidhaa moja ambayo bei yake humshangaza kila anayeiona kwa mara ya kwanza. Ni saluni ya kifahari ya Kiingereza, hususan Jaguar ya mfululizo wa XJ. Ilipokuwa mpya lilikuwa gari la wakurugenzi na mabalozi. Ikishafikisha umri wa miaka 20 au zaidi, huuzwa katika minada ya Japani kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida ya umri huohuo, na pengine chini yake.

Kwa mkulima au mfanyabiashara wa Usinge, wilayani Kaliua, ambaye amepokea malipo ya tumbaku baada ya msimu wa masoko, bei hiyo ni kishawishi kikubwa. Kwa fedha za Toyota anaonyeshwa gari lenye viti vya ngozi, dashibodi ya mbao na injini ya silinda sita au nane. Dalali humwambia kwamba fursa hiyo haitarudi.

Mnunuzi wa namna hiyo hapaswi kuanza kwa kuuliza kama Jaguar ni gari zuri au baya. Ni gari zuri, na sifa zake si za kubuni. Swali la kibiashara ni bei yake inapigwa wapi. Gari lililotumika halipaswi kuthaminiwa kwa bei ya mahali linaponunuliwa, bali kwa gharama ya mahali litakapoharibika. Kwa kipimo hicho, gari hilohilo linaweza kuwa ununuzi wa busara kwa mkazi wa Dar es Salaam na hasara ya wazi kwa mkazi wa Usinge.

GARI LA WAKUBWA LILIVYOPOROMOKA

Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, gari la mkubwa Afrika Mashariki lilikuwa la Kiingereza. Humber, Rover, Wolseley, Ford Zephyr na Jaguar zilikuwa alama za cheo. Baadaye nafasi hiyo ilichukuliwa na Mercedes-Benz ya Ujerumani, hata wananchi wakaunda neno “Wabenzi” kwa wenye nacho. Neno la namna hiyo halikuundwa kwa wenye Humber.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yanaonyesha vizuri jinsi soko lilivyogeuka. Ford Zephyr, saluni kubwa ya Kiingereza, ilishinda mwaka 1955, na Ford Cortina GT mwaka 1964. Lakini mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Peugeot 404 iliyoendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwaka 1970 ukaenda kwa Datsun 1600 SSS. Wanunuzi wa magari katika nchi hizi walikuwa wakifuatilia matokeo hayo kwa makini kama mtu anayesoma bei za mazao. Walichojifunza ni kwamba katika njia mbovu hushinda gari linalotengenezeka njiani, hata kama lipo jingine lenye nguvu kuliko hilo.

Viwanda vyenyewe vya Uingereza navyo vilikuwa na matatizo. British Leyland, iliyoundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha makampuni mengi, ikiwamo Jaguar na Rover, iliingia mikononi mwa serikali mwaka 1975. Jaguar ilirudishwa kwa watu binafsi mwaka 1984, ikanunuliwa na Ford ya Marekani mwishoni mwa 1989, kisha na Tata ya India mwaka 2008. Rover ilipita kwa British Aerospace mwaka 1988 na BMW mwaka 1994, ikauzwa mwaka 2000 kwa pauni 10 tu, na mwezi Aprili 2005 ikafilisika kabisa. Jaguar iliacha kutengeneza XJ mwaka 2019.

Historia hii ina maana ya kibiashara kwa mnunuzi wa leo. Anayenunua Rover 75 ananunua gari ambalo kiwanda chake hakipo. Anayenunua XJ ananunua gari ambalo limebadilisha mwenye kiwanda mara kwa mara, na kila mwenye kiwanda aliacha alama yake katika injini, nyaya na vipuri. Ndiyo maana Jaguar mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana mno kwa tabia.

SIFA ZAKE

Haki itendeke kwanza. Saluni hizi zina sifa nne ambazo mnunuzi anaweza kuzitegemea.

Sifa ya kwanza ni kwamba uchakavu mkubwa wa thamani umekwisha kulipwa na wengine. Gari la kifahari hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka ya mwanzo, na hasara hiyo ilibebwa na mwenye gari wa kwanza huko Japani au Uingereza. Kwa kuwa nchi hizo mbili huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, usukani nao uko kulia, hivyo hakuna gharama ya kuugeuza.

Ya pili ni injini za silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Injini ya zamani ya XK, iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 na kudumu hadi 1992, ilijengwa kwa chuma kizito na ilivumilia mengi. Iliyofuata na kukomaa, iitwayo AJ16, ya lita 3.2 au 4.0, iliwekwa katika XJ ya 1994 hadi 1997. Mafundi wanaozifahamu Jaguar huiweka miongoni mwa injini imara zaidi za kampuni hiyo. Ikipewa oili kwa wakati na rejeta safi, huenda mbali.

Ya tatu ni mwendo wenyewe. Katika barabara ya lami, XJ hutulia kwa namna ambayo gari dogo haliwezi. Kutoka Tabora mjini hadi Dar es Salaam kupitia Manyoni na Dodoma sasa ni lami, na msafiri wa Jaguar hufika bila kuumwa mgongo. Mtu mwenye shughuli zinazomlazimu kusafiri mbali mara kwa mara hawezi kuiita faida hiyo anasa tupu.

Sifa ya nne ni heshima. Wachumi hupenda kuidharau, lakini katika biashara ya nchi hii gari hufungua milango. Mtu akishuka katika Jaguar iliyong’arishwa, meneja wa benki huinua macho. Thamani hiyo ipo, ingawa haiandikwi katika vitabu vya hesabu.

Rover 75, iliyozinduliwa mwaka 1998, nayo ina cha kusifiwa. Yenye dizeli ya lita 2.0 ilitumia injini iliyotoka kwa BMW, na ndiyo yenye afadhali kuliko ndugu zake za petroli. Rover 800 ya 1986 hadi 1999 ilibuniwa pamoja na Honda, na baadhi yake zilibeba injini za V6 za Honda zenyewe.

UDHAIFU WAKE

Udhaifu nao hautokani na chuki ya mafundi. Unajulikana kwa miaka mingi na una majina.

Rover 75 yenye injini ya petroli ya lita 1.8 ina sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Maji yakipungua kidogo tu injini huchemka, na ikichemka, kazi inayofuata ni kuifungua yote juu.

Jaguar XJ ya 1997 hadi 2003 iliacha injini ya silinda sita na kuchukua V8 ya lita 3.2 au 4.0. Injini hiyo ni tamu kuendesha, lakini za mwanzo zilikuwa na kasoro mbili kubwa. Kuta za silinda zilipakwa madini yaitwayo Nikasil, ambayo huliwa na petroli yenye salfa nyingi. Kiwanda kilirudi kwenye vikombe vya chuma mwaka 2000. Kasoro ya pili ni vikaza cheni vya plastiki. Kikipasuka kimoja, cheni hulegea, valvu hupinda, na injini nzima huweza kufa kwa sekunde chache. Aidha, nyumba ya thamostati na mapangaboi ya pampu ya maji ya baadhi yake ni plastiki pia, na plastiki ya miaka 20 katika joto la Oktoba la Unyamwezi haina urafiki na mtu.

XJ iliyofuata, ya kuanzia 2003, ilibadilisha bodi kuwa ya aluminiamu iliyogundishwa na kupigwa ribiti, na springi za chuma zikabadilishwa kuwa za upepo. Kwa barabara za Ulaya hayo ni maendeleo. Kwa gereji ya wilayani ni kinyume chake. Fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye mkombozi wa kila gari bovu vijijini, hawezi kuigusa bodi hiyo kwa mtambo wake wa kawaida. Springi ya upepo ikitoboka, gari hulala chini kama ng’ombe mgonjwa na halisogei.

Umeme ndio udhaifu wa familia yote. Gari la kifahari lina mota katika viti, vioo na madirisha, na lina kompyuta ndogondogo zinazozungumziana. Waya mmoja ukipata kutu, taa za tahadhari huwaka mfululizo na gari huweza kukataa kabisa kuwaka. Fundi asiye na chombo cha kusoma kompyuta hizo hubaki kukisia, na kila anapokisia hubadilisha kifaa kingine kwa fedha za mteja.

Mafuta ndiyo gharama isiyosubiri gari liharibike. XJ yenye umri huo kutumia lita 13 kwa kilomita 100 si jambo la ajabu, na mjini hupanda zaidi. Saluni ndogo ya Kijapani hutosheka na kiasi cha lita 7. Tofauti ni lita 6. Kwa mtu anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka, hizo ni lita 1,200 za ziada, yaani mapipa sita ya petroli kila mwaka kwa safari zilezile.

USHURU HAUJALI BEI YA MNADA

Wengi hudhani gari likinunuliwa rahisi, na ushuru utakuwa rahisi. Hapo ndipo hesabu huharibika. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Mnunuzi akileta stakabadhi ya bei ndogo mno, kodi hukokotolewa kwa thamani iliyomo katika mfumo.

Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika katika miaka ya karibuni, saluni ya abiria yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 na umri unaozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, ushuru wa bidhaa wa ziada kwa ajili ya umri asilimia 30, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Tozo nyingine ndogo huongezwa juu yake. Ushuru wa bidhaa hupandishwa juu ya thamani iliyojumlishwa ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla ya yote.

Chukua mfano wa gari ambalo thamani yake katika mfumo, pamoja na bima na nauli ya meli, ni dola 3,000. Ushuru wa forodha ni dola 750, na jumla inakuwa 3,750. Asilimia 10 ya hiyo ni dola 375, na asilimia 30 ni dola 1,125. Jumla sasa ni 5,250, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake ni dola 945. Kodi zote zinafika dola 3,195, kabla ya tozo ndogo na ujira wa wakala wa forodha. Kama gari hilo lilinunuliwa na kufikishwa bandarini kwa dola 1,500, basi kodi yake peke yake ni zaidi ya mara mbili ya gharama hiyo.

Kodi hiyo hairudi mtu anapouza, na kuuza kwenyewe ni kugumu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Tanzania haikuweka ukomo wa umri, imeweka kodi. Matokeo yake ni kwamba gari kuukuu linaloingia Dar es Salaam haliwezi kuvuka mpaka kwenda Kenya au Uganda kutafuta mnunuzi mwingine. Kwa kawaida huuzwa hapa hapa nchini, kwa kundi dogo la watu wanaolipenda. Mwenye Noah au Mark II anayepatwa na shida ya fedha hupata mnunuzi mapema. Mwenye Jaguar husubiri.

UMBALI WA KIPURI

Hata hayo yote yangeweza kuvumilika kama Usinge ingekuwa Ilala. Haiko Ilala. Iko kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, ng’ambo ya Kaliua, zaidi ya kilomita 150 magharibi ya Tabora mjini. Tabora yenyewe iko kilomita 840 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Kipuri cha Toyota kinapatikana Kaliua au Urambo, na kikikosekana huko kitapatikana Tabora. Kipuri cha Jaguar hakitafutwi Tabora. Hutafutwa Kariakoo Gerezani au Ilala Shaurimoyo, na mara nyingi hata huko hakipo, huagizwa Uingereza, Dubai au Japani.

Kwa hiyo safari ya kifaa kidogo cha plastiki huwa hivi. Fundi huondoa kilichopasuka na kukipiga picha. Picha huenda Dar es Salaam, na jamaa wa huko huzunguka maduka siku mbili. Kisipopatikana huagizwa nje, na hapo husubiriwa ndege, forodha na ujira wa kupakia. Kikishafika Dar es Salaam hupandishwa basi hadi Tabora, kisha gari la kuunganisha, au husubiriwa treni, ambayo haipiti Usinge kila siku. Kikifika na kuonekana ni cha toleo jingine la V8, safari huanza upya.

Kama gari lilikuwa likimwingizia mwenyewe shilingi 40,000 kwa siku katika kuzungukia mazao, siku 21 za kusubiri ni shilingi 840,000 zilizopotea kabla fundi hajalipwa hata senti. Bei ya kifaa chenyewe huenda ilikuwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Hiyo ndiyo gharama ambayo dalali haitaji, kwa sababu haiandikwi katika stakabadhi yoyote.

Barabara nayo imebadilika sana, na ni haki kusema hivyo. Njia ya Tabora, Urambo, Kaliua hadi Kigoma imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande, vikiwamo Kaliua–Kazilambwa (kilomita 56) na Kazilambwa–Chagu (kilomita 36). Daraja la Kikwete katika mto Malagarasi lilikamilika mwaka 2015. Lami imemsogezea msafiri miji. Hata hivyo, lami haileti kipuri dukani. Zaidi ya hapo, tumbaku, asali na mpunga havilimwi kando ya lami. Mfanyabiashara anayefuata mzigo lazima aiache barabara kuu na kuingia katika njia za mchanga na mbuga za tope, na huko tumbo la XJ, lililo karibu na ardhi, hukutana na visiki. Sampu ya oili ikipasuka porini, gari la mkubwa huvutwa na trekta.

FUNZO LA URAMBO

Eneo hili halihitaji kwenda mbali kutafuta somo. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012, na Urambo ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango huo ulitumia kwa wingi matrekta yaliyotumika na mabaki ya vifaa vya vita, ambayo wakati huo yalionekana kuwa nafuu. Mitambo iliharibika kwa kasi, vipuri vikawa mbali, na karakana zikazidiwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na walipa kodi wa Uingereza wakafuta hasara ya takriban pauni milioni 36.

Kilichobaki Urambo na kustawi ni tumbaku, zao ambalo lilitegemea zaidi mikono ya mkulima kuliko mitambo iliyotumika. Fedha zilezile za tumbaku ndizo zinazoshawishiwa leo kununua chombo cha Kiingereza kilichotumika, kwa sababu ileile kwamba bei ni nafuu.

Kwa upande mwingine, reli hiyohiyo inayopita Usinge ilibeba mfano wa kinyume. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo sasa ni MV Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa mwaka 1915. Ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Wapagazi wa misafara ya Unyanyembe waliijua kanuni hiyo kabla ya reli: mzigo uliofika Ujiji ni ule uliogawanyika katika vipande vya kichwa kimoja, kila kimoja karibu frasila mbili. Chombo kinachoweza kufunguliwa na kufungwa na watu wa mahali kilipo huishi. Kisichoweza huachwa njiani.

NANI ANUNUE, NANI AACHE

Kutokana na hayo, ushauri wa soko unaweza kutolewa bila kuzungukazunguka.

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye gari jingine la kazi, anayejua fundi wa Jaguar kwa jina, na mwenye akiba ya kutengenezea isiyopungua bei ya gari lenyewe, anaweza kununua na akafurahi. Achague XJ ya 1994 hadi 1997 yenye silinda sita. Akipenda V8, aache zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 2000, na hata ya baadaye adai uthibitisho kwamba vikaza cheni vimebadilishwa kuwa vya chuma. Zenye bodi ya aluminiamu na springi za upepo aziache kwa wenye karakana zao. Kwa Rover 75, dizeli ndiyo ya kufikiriwa, na ya petroli ya lita 1.8 ipitwe kimya kimya.

Mkazi wa Tabora mjini anayesafiri kwa lami pekee yuko katikati. Anaweza kujaribu, mradi biashara yake isisimame gari likisimama.

Mkazi wa Usinge asinunue. Hii si dharau kwa Usinge. Mtu wa Usinge ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi kama mtu wa Oysterbay. Lakini mtaji wake una kalenda. Fedha za tumbaku hulipwa katikati ya mwaka. Vitalu huandaliwa mara tu baada ya masoko, na mvua zikianza mkulima anahitaji mbolea, vibarua na kuni za kukaushia. Gari linalokula dola elfu kadhaa mwezi Julai na kudai kipuri mwezi Oktoba linashindana moja kwa moja na shamba. Shamba likishindwa, msimu unaofuata hauna fedha za kulipia gari wala mkopo wa pembejeo. Familia huanza kuuza ng’ombe ili kuokoa Jaguar ambayo hata wao hawaipandi.

Mwenye fedha hizo anaweza kupata pikapu ya Kijapani iliyochoka kiasi, ambayo fundi wa Kaliua anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Haina heshima mbele ya meneja wa benki siku ya kwanza. Lakini meneja huangalia pia kama marejesho ya mkopo yamefika, na pikapu huyaleta.

Vyama vya msingi vya ushirika navyo vina nafasi hapa. Siku ya malipo ndiyo siku madalali wa magari hufika na picha zao. Chama kinachotoa elimu ya pembejeo kinaweza kuongeza saa moja ya elimu ya gari: kodi zinavyopandishwa, mafuta kwa kilomita, na orodha ya vipuri vinavyopatikana ndani ya wilaya. Mkulima anayejua kuhesabu kilo za tumbaku kwa daraja hashindwi kuhesabu hayo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Saluni ya Kiingereza iliyotumika ni rahisi kwa sababu moja tu, kwamba waliokuwa nayo waliona gharama inayokuja wakaiuza kabla haijafika. Anayeinunua ananunua gari pamoja na gharama hiyo. Kabla ya kutia saini, mnunuzi wa Usinge amuulize dalali swali moja: kikaza cheni chake kinauzwa duka gani kati ya hapa na Tabora? Dalali asipolitaja duka hilo, fedha zibaki shambani.